Mnyororo wa Kongwa

Zamani mizigo ya misafara iliyokatiza Ugogo kwenda Tabora ilichukuliwa na wapagazi, kwani magari ya kukokotwa na ng'ombe, ambayo wamisionari waliyajaribu kutoka Saadani hadi Mpwapwa katika miaka ya 1870, yalishindwa kwa sababu ng'ombe walikufa njiani kwa maradhi ya mbung'o. Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Lakini ukokotaji wenyewe ulikuja kwa kishindo mwaka 1947, pale serikali ya Uingereza ilipoanza mradi wa kulima karanga Kongwa, ikaleta matrekta yaliyosalia vitani, na hata vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Kichaka kilipowashinda, mafundi walifunga mnyororo wa nanga ya meli baina ya matrekta mawili yaendayo sambamba, nao ukaiangusha miti iliyokuwa kati ya matrekta hayo. Na hiyo, kwa rai yangu, ndiyo hila iliyokuwa bora kupita zote za mradi ule. Lakini mizizi ilisalia ardhini, na udongo, mvua zikiisha, ulikauka ukawa mgumu kama tofali, ukayaharibu majembe yaliyofungwa nyuma ya mitambo, jambo ambalo Wagogo, wenyeji wa ardhi ile tangu dahari, walistahili kuulizwa mapema. Mradi uliachwa Januari 1951, baada ya kuteketeza takriban pauni milioni 36.