Safari ya Sayyid Barghash kwa Malkia Victoria



Ndugu wasomaji, watoto wetu hapa Nakivale na Mbarara hulisikia jina la Zanzibar tunapowaeleza jinsi Uislamu ulivyoingia Uganda: wafanyabiashara waliotokea huko walifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844. Leo tuwasimulie habari za sultani wa Zanzibar aliyefunga safari kwenda Uingereza.

Sayyid Barghash bin Said alitawala kuanzia mwaka 1870. Mwaka 1872 kimbunga kiling'oa mikarafuu na kuzamisha merikebu zake. Mwaka 1873 Waingereza walitishia kukizingira kisiwa kwa manowari, naye akatia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa. Tusiwafiche watoto: biashara ile ilikuwa dhuluma, na soko lake kufungwa ilikuwa kheri.

Juni 1875 aliwasili London, na Malkia Victoria akampokea Windsor. Kiingereza hakukijua, akazungumza kwa mkalimani. Alitembezwa Manchester, Liverpool na Birmingham, akaona viwanda na mitambo. Akarudi kupitia Ufaransa na Misri. Katibu wake, Zahir bin Said, aliandika habari za safari hiyo kwa Kiarabu.

Je, alirudi na nini? Si zawadi tu. Miaka iliyofuata alijenga mfereji wa kuleta maji safi mjini kutoka chemchemi, akaanzisha kiwanda cha kuchapa vitabu vya dini, na mwaka 1883 akajenga Beit al-Ajaib. Sisi tunaojua foleni ya madumu bombani tunaelewa thamani ya mfereji ule.

Lakini urafiki wa wakubwa haukumkinga. Agosti 1885 manowari za Wajerumani zilielekeza mizinga kwenye kasri lake, wakidai ardhi ya bara. Waingereza hawakumtetea. Mwaka 1886 wakubwa hao walikubaliana kumwachia visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10 tu. Alifariki mwaka 1888, na mwaka 1890 Zanzibar ikawekwa chini ya himaya ya Uingereza.

Wazazi wenzetu, wengi wetu tumefika hapa kwa safari tusizozichagua, na tunaishi kwa ukarimu wa wenyeji. Tushukuru kwa wema huo, ila tusiufanye ndio tegemeo letu. Ahadi za wenye nguvu hubadilika. Elimu uliyoipata safarini hurudi nawe nyumbani. Tuwahimize watoto waende madrasa na shule, wajifunze na ufundi.

Allah atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.