Eksirei kutoka angani: Jinsi gesi ya nyuzi milioni 50 inavyopimwa

Kati ya galaksi za kundi liitwalo Perseus kuna gesi yenye joto la takriban nyuzi milioni 50. Kundi hilo liko umbali wa miaka ya mwanga milioni 240 hivi, na hakuna kipimajoto kitakachofika huko. Hata hivyo, wanasayansi wanajua joto la gesi hiyo, elementi zilizomo na kasi ya mwendo wake. Wameyasoma hayo katika eksirei zinazotolewa na atomu zilizopoteza karibu elektroni zake zote.

Ayoni hutokeaje?

Atomu ya chuma ina elektroni 26 zinazokizunguka kiini chake. Gesi ikipata joto kali, chembe zake hugongana kwa nguvu na elektroni hung'oka moja baada ya nyingine. Atomu iliyopungukiwa na elektroni namna hiyo ni ayoni, na mchanganyiko wa ayoni na elektroni huru huitwa plazma. Katika joto la Perseus, atomu nyingi za chuma hubakiwa na elektroni 2 tu.

Elektroni hizo mbili zimeshikwa kwa nguvu na kiini. Zikigongwa, hupanda ngazi ya juu ya nishati. Zikishuka, huitoa nishati hiyo kama eksirei. Chuma chenye elektroni 2 hutoa eksirei za elektronivolti 6,700 hivi. Kila aina ya ayoni ina viwango vyake, kama alama za vidole, na kwenye vipimo huonekana kama mistari.

Mistari hiyo inasema nini?

- *Elementi:* mahali mstari ulipo panaonyesha kama ni chuma, nikeli au salfa.
- *Joto:* ayoni zenye elektroni 1 zikiongezeka kuliko zenye 2, gesi ni ya moto zaidi.
- *Mwendo:* gesi ikivurugika, mistari hupanuka.

Malindi inahusikaje?

Angahewa ya dunia huzuia eksirei, kwa hiyo vipimo lazima vipelekwe juu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya elimu ya nyota kwa eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Mahali hapo palifaa kwa sababu pako karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo wa ziada.

Mwaka 1974 setilaiti ya Uingereza, Ariel 5, ilirushwa kutoka jukwaa hilohilo. Vipimo vyake, vilivyotangazwa 1976, vilionyesha mstari wa chuma katika Perseus. Huo ulikuwa ugunduzi mkubwa, maana chuma hupikwa ndani ya nyota na kusambazwa zinapolipuka. Kumbe sehemu ya gesi hiyo ilikwisha kupitia ndani ya nyota.

Hitomi: kazi ya wiki chache

Februari 2016 Japani, ikishirikiana na NASA na wengine, ilirusha Hitomi. Kipimo chake kilipoozwa hadi karibu kabisa na sifuri halisi, ili kihisi joto dogo linaloongezwa na kila chembe ya eksirei. Tarehe 26 Machi setilaiti hiyo ilianza kuzunguka ovyo, ikavunjika na kupotea.

Lakini ilikuwa imekwisha kuipima Perseus. Katikati ya kundi hilo kuna shimo jeusi linalopuliza mapovu makubwa ndani ya gesi, na wengi walitarajia vurugu kubwa. Hitomi ilikuta mwendo wa takriban kilomita 164 kwa sekunde, utulivu usiotarajiwa kwa gesi ya namna hiyo.

Kwa nini maabara bado zinahitajika?

Usahihi wa Hitomi ulifichua pia kwamba baadhi ya hesabu za atomu zilizotumika zilihitaji kurekebishwa. Hesabu ikikosea, kiasi cha chuma kitakosewa pia. Ndiyo maana maabara hutengeneza ayoni hizi hapa duniani kwa kuzinasa ndani ya mwale wa elektroni, mbinu iliyoanzia Livermore, Marekani, katika miaka ya 1980. Njia hiyohiyo ya kusoma mistari hutumika kupima joto la plazma katika majaribio ya kuzalisha nishati kwa kuunganisha viini vya atomu.

Setilaiti iliyoichukua nafasi ya Hitomi, XRISM, ilirushwa Septemba 2023.