Habari za Ukurutu na Matabibu Wake

Mwandishi Suetonius, aliyeandika sira za watawala wa Roma katika karne ya pili baada ya kuzaliwa Nabii Isa, amesimulia kwamba Kaisari Augusto, pamoja na adhama yake yote na majeshi yaliyomtii kuanzia Hispania hadi Shamu, alikuwa na ngozi yenye mabaka yaliyofanya sugu kwa sababu ya kuwashwa daima na kujikwangua kwa nguvu kwa kile chuma kilichopindwa ambacho Warumi walikitumia hamamuni kuondolea mafuta na jasho. Akaongeza kwamba upepo wa kusini ulipovuma, mtawala huyo alishikwa na mafua. Baadhi ya matabibu wa zama zetu, waliposoma maneno hayo, wameiona humo sura wanayokutana nayo kila siku katika vyumba vyao: ngozi kavu inayowasha, mkono usioweza kuiacha, na pua na kifua vinavyodhulumiwa na hewa. Maiti hapimwi, wala si kazi yetu kumhukumia Augusto maradhi baada ya miaka elfu mbili. Lakini kila mwenye ukurutu akiisoma habari hiyo atamjua ndugu yake.

Ukurutu huanza aghalabu katika utoto, mashavuni mwa mtoto mchanga, kisha hushuka ukakaa katika makunjo ya viwiko na nyuma ya magoti, ukaenda na kurudi kwa miaka, pengine kwa umri mzima. Hauambukizi. Hautokani na uchafu. Watu wengi wa Tanzania huuita pumu ya ngozi, na jina hilo lina haki, kwa kuwa nyumba yenye pumu na mafua ya vumbi mara nyingi ndiyo nyumba yenye ukurutu. Ninalotaka kulieleza hapa ni safari ndefu ambayo wanadamu waliifunga tangu walipoudhania kuwa ni taka za ndani zinazojitoa zenyewe, hata walipofahamu kwamba ngozi ni kiungo kama moyo au ini, kinachoweza kuugua kwa nafsi yake na kinachostahili kutunzwa kwa ajili ya nafsi yake.

Dhana ya kwanza ilikuwa na mizizi mirefu. Galeni, tabibu wa Kiyunani, alifundisha kwamba afya ya mtu ni mizani ya majimaji manne, nayo ni damu, belghamu, safura na sauda, na kwamba moja likizidi au likioza, mwili hulisukuma nje. Elimu hiyo ilipokewa na matabibu wa Kiislamu, wakaipanga, wakaiongeza na kuisahihisha mahali pengi; Ibn Sina, aliyefariki Hamadan mwaka 1037, aliyaandika maradhi ya ngozi katika kitabu cha nne cha Qanun yake, karibu na habari za pambo na uzuri wa mwili. Kwa njia ya majahazi yaliyokuja na pepo za kaskazi, kutoka Maskati, Hadhramaut na Gujarati, mafundisho hayo yalifika pwani yetu pia, na mabaki yake yamo katika mazungumzo ya wazee hadi leo, wasemapo kwamba fulani ana damu chafu na kwamba inafaa apigwe chuku.

Lau dhana hiyo ingalibaki kuwa maneno tu, isingalikuwa na dhara kubwa. Lakini ilizaa amri, na amri yenyewe ilikuwa hii: usiukaushe ukurutu, maana ukiziba mlango wa taka, taka zitarudi ndani na kumwua mgonjwa. Huko Ulaya, hadi katika karne ya kumi na tisa, walikuwako matabibu wenye vyeo vikubwa waliomwona mtoto mchanga mwenye magamba yanayotoka maji usoni, halali usiku wala hanyonyi kwa utulivu, wakamwambia mama yake asithubutu kumpaka kitu kitakachoyaondoa, na badala yake wakaandika dawa za kuharisha. Mtu akifikiri idadi ya watoto waliofungwa mikono ili wasijikune, na huku dawa ya kuwatuliza ikiogopwa kuliko maradhi yenyewe, hawezi kuisoma historia hii kwa moyo mkavu.

Pwani yetu, pamoja na kuwa na dhana hiyohiyo ya damu, iliokolewa kwa kiasi fulani na desturi zake za nyumbani, kwa sababu mama wa Kiswahili hakungoja ruhusa ya tabibu kumpaka mwanawe mafuta. Walipaka mafuta ya nazi baada ya kuogesha. Waliogesha kwa maji ya majani ya mwarobaini. Walisaga liwa wakapaka. Walitumia habasoda kwa kula na kwa kupaka. Si haki kuvisifu vyote kwa jumla, kwa kuwa majani mengine huichoma ngozi iliyokwisha chubuka. Hata hivyo, mafuta ya nazi yamesimama vizuri mbele ya mizani ya watafiti: huko Manila, katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008, yalilinganishwa na mafuta ya zaituni kwa watu wazima wenye ukurutu, yakaonekana kulainisha ngozi na kupunguza vijidudu vinavyoivamia kuliko yale mengine, na mwaka 2013 watafiti wa Sheffield, Uingereza, walieleza kwamba mafuta ya zaituni, yaliyosifiwa na vitabu vya matabibu kwa karne nyingi, hudhoofisha ukuta wa ngozi badala ya kuutia nguvu. Yaliyokuwa katika kibuyu cha bibi kizee yaliyashinda yaliyokuwa katika vitabu vya Wayunani.

Elimu mpya ilianza kwa kazi ya kupanga. Robert Willan, tabibu wa maskini katika zahanati ya umma ya London, aliyagawa maradhi ya ngozi katika mafungu manane kwa kuangalia umbo la kila kipele, na mwaka 1790 alipewa nishani ya dhahabu kwa sababu hiyo. Yeye na mwanafunzi wake Thomas Bateman ndio walioupa ukurutu mahali pake katika vitabu, nao waliona jambo la maana: kwamba upo ukurutu unaoletwa na jua, upo unaoletwa na dawa za zebaki, na upo wa mikono ya watu wa kazi, kama wauza sukari na waashi washikao chokaa. Basi si kila ukurutu ulitoka ndani. Hilo halikutosha kuiangusha dhana kongwe, lakini lilitia ufa.

Paris, Hospitali ya Saint-Louis, iliyoanza kujengwa mwaka 1607 kwa ajili ya wagonjwa wa tauni, ilikabidhiwa wagonjwa wa ngozi mwaka 1801, na huko Jean-Louis Alibert alisomesha hadharani, penye miti ya bustani, akayachora maradhi yote kama mti mmoja wenye matawi. Fahari nyingine ya hospitali hiyo ni mikono ya fundi Jules Baretta, aliyekuwa akitengeneza matunda ya bandia kwa karatasi zilizopondwa hadi matabibu walipomwita kuja kuiga maradhi kwa nta. Masanamu yake ya nyuso, mikono na migongo, yaliyotiwa rangi kwa ustadi usio kifani, yalifunguliwa rasmi kama makumbusho mwaka 1889, siku za kongamano la kwanza la dunia la matabibu wa ngozi, na hadi leo yapo. Nimesema fahari, na ndiyo. Lakini ngozi zote zile, kwa jumla, ni nyeupe, na jambo hili nitalirudia.

Aliyeivunja dhana ya taka alikuwa Ferdinand von Hebra wa Vienna, aliyezaliwa mwaka 1816. Alipomaliza masomo mwaka 1841, aliwekwa katika idara ya Josef Skoda, mjuzi wa maradhi ya kifua, na kwa kuwa wakubwa hawakuwataka, akaachiwa wale wagonjwa wa upele. Kijana huyo hakulalamika. Aliwachunguza, akakitwaa kile kidudu kidogo kinachochimba njia chini ya ngozi, akajipandia mwilini mwake mwenyewe, na mwaka 1844 akachapisha ushahidi kwamba upele ni kazi ya kidudu hicho, wala si damu mbovu. Kidudu kikifa, upele huisha, na hakuna taka yoyote inayorudi ndani. Kisha akaugeukia ukurutu. Alipaka mafuta ya krotoni juu ya ngozi nzima isiyo na ila, akautokeza ukurutu kwa mikono yake, tangu wekundu wa kwanza hadi maji na magamba. Akaonyesha kwamba kujikuna peke yake kwatosha kuuzalisha na kuuendeleza, hata mkono wa mgonjwa ukawa ndio mkulima wa ugonjwa wake. Akafundisha kwa sauti isiyo na hofu kwamba kuukausha ukurutu hakujamwua mtu, akautibu kwa lami ya miti, kwa sabuni laini, na kwa malhamu yake mashuhuri ya risasi iliyochemshwa na mafuta ya zaituni, ambayo leo tusingethubutu kumpaka mtoto kwa sababu ya sumu ya risasi, lakini wakati ule iliwapa wengi usingizi. Kwa wale ambao ngozi yao ilikuwa imetoka kabisa, kama walioungua moto, alitengeneza kitanda cha maji ya uvuguvugu, mgonjwa akalala humo usiku na mchana, akala humo, kwa majuma na hata kwa miezi. Aidha ndiye aliyekuwa wa kwanza kuitangaza kwa maandishi, mwaka 1847, habari ya rafiki yake Semmelweis kuhusu matabibu kunawa mikono kabla ya kuwashika wazazi; nami naona si bahati tu, kwa kuwa mtu aliyekwisha kuamini macho yake kuhusu upele hakuona taabu kuyaamini kuhusu homa ya uzazi.

Hebra alikuwa na kosa la wanaoshinda: alipoutazama ukurutu kutoka nje, aliyasahau mengi ya ndani. Mfaransa Ernest Besnier, mwaka 1892, ndiye aliyeeleza kwamba kwa wagonjwa wengi mwasho hutangulia na vipele hufuata, na kwamba watu hao na jamaa zao huwa na pumu na mafua ya msimu. Wamarekani Arthur Coca na Robert Cooke waliyatia maradhi hayo katika ukoo mmoja mwaka 1923, na miaka kumi baadaye Fred Wise na Marion Sulzberger wa New York wakautia ukurutu rasmi katika ukoo huo. Katikati ya karne ya ishirini ilizuka pia rai ya kusikitisha, kwamba mtoto mwenye ukurutu ni mtoto wa mama asiyempenda vya kutosha. Na wanawake waliokesha usiku kucha wakiishika mikono ya watoto wao walitwishwa taksiri isiyo yao. Mimi nahesabu dhuluma hiyo kuwa sawa na ile ya taka za damu, ila hii ilivaa joho la elimu.

Mwaka 1952 Sulzberger, pamoja na mwenziwe Victor Witten, alitangaza kwamba haidrokotisoni ikipakwa juu ya ngozi hutuliza ukurutu. Dawa hiyo ni jamaa ya ile kotisoni iliyowapa Hench, Kendall na Reichstein tuzo ya Nobel mwaka 1950 baada ya kuwainua wagonjwa wa baridi yabisi vitandani. Hapana mgonjwa aliyeishi kabla na baada ya siku hizo asiyeijua tofauti. Ilipofika miaka ya 1960, wakemia walizidisha nguvu za dawa hizo maradufu, na nguvu hiyo ilileta msiba wake: ngozi inayopakwa bila kiasi hukonda kama karatasi, hupasuka mistari, na hupauka. Kupauka huko ndiko kulikowavutia wafanyabiashara. Hivi leo katika miji yetu tyubu za dawa kali huchanganywa na sabuni, zebaki na vitu vingine vikaitwa mkorogo, wakauziwa wanawake wanaotaka weupe. Na matokeo yake ni kwamba mzazi aliyekwisha kuona uso wa jirani ulioharibiwa na mkorogo hukataa kumpaka mwanawe dawa nyepesi iliyoandikwa na tabibu, akamwacha ateseke. Wawili hao wanaumizwa na tyubu moja: huyu kwa kuipaka asiyostahili, yule kwa kuiogopa anayoihitaji.

Sababu ya ukavu wenyewe ilipata nuru mwaka 2006, pale kundi la Irwin McLean huko Dundee, Uskoti, lilipoonyesha kwamba watu wengi wenye ukurutu wamerithi kasoro katika protini iitwayo filagrini, ambayo huushikamanisha ukuta wa nje wa ngozi na kuuhifadhi unyevu. Ukuta ukivuja, maji hutoka, na vumbi na vijidudu huingia. Kwa hiyo kupaka mafuta kila siku, mara baada ya kuoga, hata siku ambazo ngozi imetulia, kumepata dalili yake ya kielimu. Lakini kasoro hiyo, iliyo mashuhuri kwa Wazungu, haionekani sana kwa watu wenye asili ya Afrika, ingawa ukurutu wanao. Na hapa ndipo ninaporudia habari ya masanamu ya nta. Vitabu vilimfundisha tabibu atafute wekundu. Juu ya ngozi nyeusi wekundu hujificha katika rangi ya zambarau, ya kijivu au ya weusi uliozidi. Vipele hukusanyika kwenye vitundu vya malaika. Ngozi hunenepa upesi kwa kukunwa, na maradhi yakiondoka huacha kivuli ambacho humhuzunisha mgonjwa kuliko mwasho. Anayetafuta wekundu tu ataandika kwamba ukurutu ni hafifu, ilhali mgonjwa hajalala.

Kwa ajili hiyo naihesabu Moshi pamoja na London, Paris na Vienna. Huko, katika hospitali ya KCMC, chini ya Kilimanjaro, kilianzishwa kituo cha kanda cha mafunzo ya maradhi ya ngozi, kilichoanza kusomesha mwaka 1992, nacho kimewachukua maofisa tabibu na wauguzi kutoka nchi nyingi za Afrika, kikawafundisha kwa miaka miwili kuyasoma maradhi juu ya ngozi za watu wao wenyewe, kisha kikawarudisha wilayani kwao, mahali ambapo pengine hapana tabibu bingwa kwa mamia ya kilomita. Wafamasia wa kituo hicho huchanganya malhamu wenyewe, kwa bei ambayo mkulima anaweza kuilipa. Dawa mpya ya sindano iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, ambayo imewatuliza wagonjwa wengi waliokuwa wamekata tamaa, ingali ghali mno kwa wilaya hizo. Basi kazi ya ofisa huyo ni kumketisha mama, kumwonyesha kipimo cha dawa kwa ncha ya kidole, kumwambia ni siku ngapi apake na lini aache, kumhakikishia mbele ya mama mkwe wake kwamba mtoto hana damu chafu, na kumpa tarehe ya kurudi.