Resolusheni isiyo sahihi kwenye monita mpya

Resolusheni isiyo sahihi ni hali ya kompyuta kupeleka kwenye monita picha yenye idadi ya pikseli isiyolingana na ile iliyomo kwenye kioo chake. Monita nyingi za ofisini za inchi 22 hadi 24 zina pikseli 1920 kwa 1080. Zikiletewa picha ya 1024 kwa 768, huinyoosha ijae kioo: herufi hutoka nene na zenye ukungu, na duara huwa yai. Mnunuzi huona ameuziwa kitu kibovu, akaanza kutafuta risiti. Mara nyingi monita haina kosa lolote. Kilichoharibika ni mazungumzo kati yake na kompyuta, na hayo hupita kwenye pini mbili tu za waya.

Dodoma ni mahali pazuri pa kulitazama tatizo hili, kwa kuwa vizazi kadhaa vya vifaa hukutana huko. Uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu ya nchi katika mji huo ulibaki nusunusu kwa miongo kadhaa, hadi Rais John Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali yote itahama. Wizara zikapata majengo Mtumba, nje kidogo ya mji, na Mji wa Serikali ukazinduliwa Aprili 2019. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina ndaki nzima ya TEHAMA, ile inayojulikana kwa kifupi kama CIVE. Palipo na ofisi na wanafunzi wengi kiasi hicho, monita mpya haikosi kuunganishwa na sipiyu iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, na hapo ndipo fundi huitwa.

Poti ya VGA, ile ya rangi ya buluu yenye pini 15, ilitoka IBM mwaka 1987 na kompyuta za PS/2, ikiwa na pikseli 640 kwa 480. Wakati huo kompyuta haikuwa na njia ya kuijua monita kwa undani. Mtumiaji mwenyewe ndiye aliyechagua, na akikosea skrini ilibaki nyeusi. Mwaka 1994 VESA, chama cha viwanda vya vifaa vya picha, kilitoa utaratibu wa EDID. Ndani ya monita huwekwa chipu ndogo ya kumbukumbu yenye baiti 128 za maelezo: msimbo wa kiwanda, mwaka wa kutengenezwa, ukubwa wa kioo kwa sentimita na resolusheni inazozikubali. Kompyuta huisoma chipu hiyo kila monita inapochomekwa. Kwenye VGA kazi hiyo hufanywa na pini ya 12 na ya 15; kwenye HDMI ni ya 15 na ya 16.

Pini hizo zisipogusana sawasawa, picha huendelea kuonekana kwa sababu rangi husafiri kwenye pini nyingine. Ndiyo maana tatizo hudanganya. Kompyuta iliyokosa maelezo hujihami kwa kuchagua resolusheni ndogo ambayo karibu kila monita inaimudu, kama vile 1024 kwa 768, na kwenye orodha ya machaguo ile ya 1920 kwa 1080 haipo kabisa. Nyaya za VGA za bei ya chini, ambazo baadhi yake hazina pini zote, ni mshukiwa wa kwanza. Vumbi ni mshukiwa wa pili. Nyanda za kati hupata mvua hasa kati ya Desemba na Aprili, na miezi inayobaki ni mikavu yenye upepo, hivyo poti iliyokaa wazi nyuma ya sipiyu hujaa udongo mwekundu. Kuzima, kuchomoa, kupuliza na kuchomeka upya hadi mwisho, kisha kukaza skrubu zake, kumemaliza kesi nyingi kabla hata mipangilio haijafunguliwa.

Mshukiwa wa tatu ni adapta. Monita mpya nyingi zina HDMI bila VGA, na mwenye sipiyu ya zamani huona poti ya buluu tu, akanunua kigeuzi cha VGA kwenda HDMI. Kifaa hicho hubadili mawimbi ya analojia kuwa ya dijitali, kwa hiyo kinahitaji umeme, kwa kawaida kupitia USB, na baadhi ya vigeuzi hivyo huipa kompyuta maelezo yavyo vyenyewe badala ya kupitisha yale ya monita. Jambo la kusikitisha ni kwamba mara nyingine hakikuhitajika. Sipiyu kama Dell OptiPlex 790 na HP Compaq 8200 Elite, zote za mwaka 2011, zina poti ya DisplayPort palepale kando ya VGA, yenye umbo la mstatili uliokatwa kona moja. Waya wa DisplayPort kwenda HDMI ungetosha kwa monita ya 1920 kwa 1080.

Kwa monita kubwa zaidi waya una mipaka yake. Picha ya 1920 kwa 1080 inayochorwa mara 60 kwa sekunde huhitaji kasi ya megahezi 148.5, ya 2560 kwa 1440 huhitaji takriban 241. Poti ya DVI ya njia moja, pamoja na HDMI za mwanzo, huishia 165. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 huimudu picha ya 3840 kwa 2160 kwa mara 30 tu, na ni HDMI 2.0 ya mwaka 2013 iliyofika mara 60. Anayenunua monita ya inchi 27 bila kuangalia poti za kompyuta yake huishia kulipia pikseli asizoziona.

Sababu ya upande wa programu ni draiva. Baada ya Windows kusakinishwa upya, kadi ya picha huweza kuorodheshwa kwa jina la Microsoft Basic Display Adapter, yaani mfumo unatumia draiva ya dharura, na badiliko la resolusheni hukataliwa. Kompyuta yenye intaneti huipata draiva halisi yenyewe. Kule Kondoa au Manyoni, ambako bando huhesabiwa kwa megabaiti, fundi huja nayo kwenye flashi, akiwa ameipakua kutoka tovuti ya kiwanda kwa modeli kamili ya kompyuta.

Vyumba vya mihadhara na vya mikutano vina kesi yao. Kompyuta mpakato ikiunganishwa na monita na projekta kwa pamoja, na ikaamriwa kuonyesha picha moja kwenye vyote, huchagua resolusheni ambayo vyote vinaikubali. Projekta ya 1024 kwa 768 huishusha monita hadi kiwango chake. Kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi P na kuchagua skrini zitandazwe kila moja peke yake hurudisha hali.

Runinga bapa, zilizoenea majumbani baada ya matangazo ya analojia kuzimwa nchini kuanzia mwisho wa 2012, nazo hutumika kama monita. Nyingi za inchi 32 zina pikseli 1366 kwa 768, na 1366 haigawanyiki kwa 8. Sehemu ya EDID inayoorodhesha resolusheni za kawaida huandika upana kwa mafungu ya 8, hivyo baadhi ya kompyuta huonyesha 1360 kwa 768. Hakuna ubovu hapo.

Wala herufi kubwa kupita kiasi si lazima ziwe dalili. Windows huwa na kipimo cha ukuzaji, asilimia 125 au 150, kisichohusiana na resolusheni. Ni vyema kikaguliwe kwanza, maana ni kazi ya dakika moja. Watumiaji wa Linux wenye kutumia mfumo wa X wana njia ya ziada: amri ya cvt hukokotoa vipimo vya resolusheni inayotakiwa, na xrandr huvilazimisha.

Monita yenyewe hushukiwa mwisho, na kipimo chake ni rahisi: kompyuta mbili tofauti, nyaya mbili tofauti. Kasoro ikijirudia ileile kila mara, huenda chipu ya EDID imeharibika, na hapo dhamana ya duka ndiyo hutumika.