Kahawa Ilipoingia Ndani

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja zimeongezeka nyumba za kale zilizogeuzwa mikahawa. Mlango wa nakshi, uliokuwa ukifunguliwa kwa hodi na kufungwa kwa komeo, siku hizi hushinda wazi. Ukumbini pamepangwa meza. Pembeni mashine ya espreso inafoka mvuke, na juu kuna viti vya kutazamia bahari na mapaa ya mabati ya majirani. Anayeingia humo huamini, na mara nyingi huambiwa, kwamba anashiriki mila kongwe ya pwani. Nyumba ni kongwe kweli. Kahawa nayo ni kongwe kweli. Lakini kuviweka viwili hivyo chini ya dari moja, kisha kumtoza mpita njia, ni jambo la juzi tu. Kahawa ya watu wote katika mji huu ilikuwa ya nje ya ukuta. Mkahawa wa ndani ya nyumba ni mpango mpya, uliozaliwa na yaliyozipata nyumba zile baada ya Mapinduzi ya 1964, na haurithi chochote kutoka kwa mila ile isipokuwa kinywaji chenyewe. Sisemi hivyo kwa kuubeza. Nasema kwa sababu mji unaosifiwa kwa kuhifadhi historia yake unapaswa kujua ni historia ipi inayohifadhiwa na ipi inayoachwa kufa kimya kimya.

Ushahidi wa kwanza ni nyumba yenyewe. Nyumba kubwa za Kiarabu za karne ya 19, za aina iliyoenea baada ya Seyyid Said bin Sultan kuhamishia makao yake Unguja kutoka Maskati, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene zikizunguka ua wa ndani. Dari zake zilibebwa na boriti za mikoko, na kwa kuwa boriti haiwezi kwenda mbali bila kupinda, vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Upana kwa kawaida hauzidi mita tatu hivi. Ndiyo maana ndani ya mikahawa hiyo meza hufuatana kwa mstari mmoja kama viti vya behewa, na mhudumu mwenye sinia hupita kwa ubavu. Nyumba hiyo haikukusudiwa umati. Madirisha ya chini yalikuwa machache na madogo, mlango ulikuwa mzito, na nyuma yake palikuwa na daka au ukumbi ambapo mgeni wa kiume alikomea, macho yake yasifike kwa wenyeji. Palipomkaribisha mtu yeyote ni nje, kwenye baraza: kiti cha mawe na chokaa kilichoshikamana na ukuta, kulia na kushoto kwa mlango. Baraza ilikuwa mali ya mwenye nyumba, lakini kwa matumizi ilikuwa ya mtaa. Masika yakifurisha njia, watu walipita juu yake wasilowe. Jioni ilipofika palichezwa bao na dhumna, palisomwa gazeti, palisubiriwa adhana ya isha.

Kahawa ilizifuata baraza hizo. Muuza kahawa alitembea na dele lake la shaba juu ya makaa, vikombe viwili visivyo na mkono akivigonganisha kiganjani ili vimtangaze, na ndoo ndogo ya maji ya kusuuzia. Kahawa ilikuwa chungu, pengine imetiwa tangawizi au iliki. Utamu ulitafutwa kwenye kashata, tende au haluwa. Mnywaji alipiga mafunda matatu, akarudisha kikombe, kikachovywa ndoani, akapewa aliyekaa naye. Tazama jinsi biashara hiyo ilivyokuwa nyepesi: haikuwa na kodi ya pango, haikuwa na kiti cha kununua, wala haikuwa na saa ya kufunga. Na tazama jambo moja zaidi, ambalo ndilo kiini cha hoja hii. Aliyelipa alilipia kikombe, hakulipia kukaa. Asiye na senti alikaa palepale, akasikia habari zilezile, akachangia mzozo uleule.

Hili si dogo ukililinganisha na miji mingine ya kahawa. Makka, mwaka 1511, msimamizi wa mji Khair Beg aliipiga marufuku kahawa, na kilichomsumbua kilikuwa watu waliokusanyika kuinywa. Istanbul ilipata nyumba zake za kahawa katikati ya karne ya 16, na mwaka 1633 Sultani Murad IV akazifunga. Uingereza, mwaka 1675, Mfalme Charles II alitangaza kuzifunga nyumba za kahawa kisha akarudi nyuma kabla tangazo halijaanza kazi. Kote huko kahawa iliwapa watu jengo la kukutania ambalo si kwa mtu wala si msikitini wala si sokoni. Pwani yetu ilikuwa jirani wa Mokha. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni kila mwaka, na Washihiri wa Hadhramaut walijulikana mjini kwa kuuza kahawa. Hata hivyo, ukiacha vibanda na vijiduka vyao, hapakuinuka hapa majumba makubwa ya kahawa yaliyokuwa nguzo ya mji kama yale ya Istanbul na Kairo. Nadhani sababu ni kwamba hayakuhitajika. Mtaa ulikuwa tayari na viti vyake, umevijenga ukutani.

Wala siasa haikukosa kuviona viti hivyo. Kuanzia uchaguzi wa kwanza wa 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ugomvi wa vyama uliingia madukani na kwenye mabasi, watu wakasusiana, na baraza nazo zikachagua upande. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, njia panda maarufu ya wanywa kahawa huko Soko Muhogo, iliyopewa jina la Jaws kutokana na ile filamu ya papa ya 1975, ilijulikana nchi nzima kuwa ngome ya chama cha upinzani cha CUF. Mikahawa ya ndani ya nyumba haijawahi kujulikana kuwa ngome ya chama chochote, na sidhani kama wenye nayo wangependa.

Msomaji mwenye kumbukumbu atanipinga hapa. Kahawa ilikuwemo ndani ya majumba, atasema, na ushahidi wake ni mzito: Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kuitwa Emily Ruete, aliandika katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 jinsi kahawa ya Mokha ilivyoletwa baada ya chakula katika nyumba ya baba yake, kwa vikombe vidogo juu ya visahani vya fedha na dhahabu. Ni kweli, na si kwa masultani tu. Mpaka leo mgeni wa heshima katika nyumba nyingi za pwani haondoki bila kahawa. Lakini kahawa hiyo ilikuwa takrima. Aliyeinywa alialikwa au alipigiwa karibu, na kumlipa mwenyeji kungekuwa tusi. Kulikuwa basi na kahawa mbili: ya ndani iliyotolewa bure kwa mtu anayejulikana, na ya nje iliyouzwa kwa sarafu ndogo kwa mtu yeyote. Mkahawa wa nyumba ya kale umechukua sura ya ile ya kwanza na sheria ya ile ya pili: unakukalisha sebuleni kama mgeni, kisha unakuletea hesabu kama mnunuzi. Huenda hilo si kosa, lakini ni jipya.

Jipya hilo lilitoka wapi? Lilitoka katika historia ya umiliki. Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi za mawe zilitaifishwa, wenyewe wengi wakawa wamekimbia au wamefukuzwa. Familia kutoka mitaa ya Ng'ambo, nje ya Mji Mkongwe, na kutoka mashamba zikapewa vyumba, na nyumba iliyojengewa ukoo mmoja ikawa ya kaya kadhaa, kila moja na jiko lake. Kodi ilikuwa ndogo mno kulipia ukarabati, na hakuna mpangaji aliyekuwa na sababu ya kupanda juu kuziba bati la nyumba ya Serikali. Nyumba nyingine zilikuwa chini ya wakfu, ambazo kwa sharia haziuziki. Nyumba ya chokaa haivumilii uzembe wa aina hiyo. Maji yakipenya darini, boriti huoza mahali ilipoingia ukutani, pasipoonekana, kisha sakafu hushuka siku moja bila kuaga. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, wakati biashara ilipokuwa inafunguliwa. Hesabu iliyofanywa mwaka 1992 ilikuta majengo kama 1,700, mengi yakiwa yanaharibika. Serikali ikaanza kuuza na kukodisha, fedha za utalii zikaingia, na mwaka 2000 UNESCO ikauweka mji katika orodha ya Urithi wa Dunia. Nyumba zilizogeuzwa hoteli na mikahawa ni watoto wa miaka hiyo.

Hapo ndipo pingamizi la pili linapopata nguvu: bila biashara hiyo, nyumba zingeanguka. Nalikubali karibu lote. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, halikuwa kibanda cha maskini, lakini sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020 na kuua watu wawili. Kama jumba la Serikali lililokuwa makumbusho lilifika hapo, nyumba ya kichochoroni isiyo na mtu wa kuipaka chokaa ina tumaini gani? Mkahawa unaoingiza fedha kila siku unaweza kumlipa fundi wa boriti. Nina masharti yangu hapa, hasa juu ya saruji, ambayo wengi huipaka kwa haraka juu ya ukuta wa matumbawe na kuufungia unyevu ndani, na juu ya mabomba ya vyoo yanayopitishwa ghorofani. Lakini hayo ni ya mafundi. Kwa upande wa mawe, mkahawa una utetezi mzuri.

Watu wengine hukumbusha kwamba Mji Mkongwe daima ulikuwa mji wa biashara, na kwamba nyumba za Wahindi zilikuwa na duka chini na makazi juu. Hilo nalo ni kweli, ila linathibitisha upande wangu. Abdul Sheriff, aliyeandika sana juu ya mji huu, ametufundisha kutozichanganya aina za nyumba zake. Duka la Kihindi lilijengwa liutazame mtaa: mbao za mbele zikiondolewa asubuhi, chumba kizima kilikuwa kama sehemu ya njia, na mwenye duka alikaa akionwa. Nyumba ya Kiarabu iliupa mtaa mgongo, ikauachia baraza. Kugeuza duka kuwa mkahawa ni kubadilisha bidhaa. Kugeuza nyumba ya ua ni kubadilisha maana ya mlango.

Pingamizi gumu kuliko yote ni la wanawake. Baraza ninayoisifu ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alipita mbele yake kwa haraka, akihesabiwa hatua, na mazungumzo yake mwenyewe aliyafanya ndani, kwa jirani, alasiri. Leo wanafunzi wa kike wa chuo, au mama na binti yake, huweza kukaa saa nzima katika mkahawa wa nyumba ya kale bila mtu kuuliza wametokea wapi. Ukuta uliowafungia mabibi zao sasa unawasitiri. Yeyote anayelilia baraza bila kulikiri hilo anaililia nusu ya mji. Kwa hiyo siwezi kusema kahawa irudi nje na mlango ufungwe. Nisemalo ni kwamba faida hiyo ina bei, kwa kuwa anayesitiriwa ni yule anayemudu kikombe cha bei ya mgeni, na binti wa mwenye dele hayumo.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana kwenye picha. Nyumba ikigeuzwa, kaya zilizokuwamo huhamia pembezoni mwa mji, na baraza hubaki bila wenyewe. Kinachofuata ni chepesi kukibashiri: baraza inawekewa mito na meza ndogo, halafu chungu cha maua, halafu kamba. Mzee aliyezoea kukaa pale baada ya magharibi hafukuzwi na mtu; anaona tu kwamba mahali pake pamepangiwa bei. Nakshi za mlango zimesafishwa, chokaa imepakwa upya, na kitu pekee ambacho nyumba ile iliupa mtaa bure kimechukuliwa.

Hukumu yangu basi ni hii. Nyumba za kale zigeuzwe mikahawa pale ambapo njia nyingine ni kuanguka, na wenye mikahawa wasijidai kuendeleza mila ambayo hawaiendelezi. Lakini kibali cha kuigeuza nyumba kiwe na sharti moja zaidi ya yale ya boriti na rangi: baraza ya nje ibaki tupu na wazi kwa yeyote, anunue asinunue, mwanamume au mwanamke, na muuza kahawa mwenye dele asiondolewe mbele yake. Mamlaka inakagua milango na madirisha tayari. Kukagua baraza hakutaiongezea kazi kubwa. Ianze na nyumba ambazo maombi yake yako mezani sasa.