Uchafu wa Mto Sabaki watoka wapi?
Mto Sabaki, tunaouona ukimwaga maji mekundu baharini kaskazini mwa Malindi, ndio ule ule Athi wa bara na Galana wa Tsavo. Naitrojeni na fosforasi huingia humo kwa njia tatu: maji taka ya Nairobi, mbolea na udongo unaosombwa na mvua mashambani, na kinyesi cha mifugo na viboko. Rutuba hiyo ikizidi, mwani hushamiri, oksijeni hupungua majini na samaki huweza kufa. Baharini, matumbawe nayo hudhurika. Kwa hivyo nasema, samaki wakiadimika, kumlaumu mvuvi wetu peke yake ni kumwonea. Usafi wa bahari uanzie kule juu, vyooni na mashambani.