Choo kigumu? Anza na sahani yako kabla ya kukimbilia sanamaki

Ukipata haja kubwa chini ya mara tatu kwa wiki, madaktari huita hali hiyo kufunga choo. Lakini usiangalie hesabu tu. Kujikamua mpaka jasho linakutoka, kutoa vigololi vikavu kama vya mbuzi, au kutoka chooni ukihisi bado hujamaliza, vyote ni kufunga choo.

Chukua mfano wa Saadani, kule ambako hifadhi ya taifa, iliyotangazwa 2005, inagusana na bahari. Mvuvi anaingia majini usiku kashiba ugali wa sembe na dagaa, maji ya kunywa kidogo, na chombo hakina choo. Akibanwa, anavumilia. Nyumbani nako choo kiko nje, wanyama wanapita gizani, nani atoke? Anasubiri kukuche.

Shida iko hapo. Kinyesi kikikaa, utumbo mpana unaendelea kukinyonya maji, kinazidi kukauka. Ukizoea kubana, hata ile hamu ya kwenda inapungua. Baadaye ndiyo tunasikia bawasiri na michubuko yenye damu.

Sembe limekobolewa, pumba imebaki mashineni. Rudi kwenye dona, hata nusu kwa nusu. Weka matembele, mchicha, kisamvu au kunde kila siku, na papai lililoiva. Ongeza polepole, maana ukirundika maharage siku moja tumbo litajaa gesi. Na maji yaende sambamba, kwani makapi bila maji yanaweza kukufunga zaidi. Juisi ya ukwaju nayo hulainisha, ila usiigeuze sukari tupu.

Baada ya kifungua kinywa utumbo huamka wenyewe. Nenda chooni muda huo, dakika tano hadi kumi, kila siku. Kuchuchumaa ndiyo mkao mzuri. Kama choo ni cha kukaa, weka kigoda chini ya miguu. Na hii simu unayosomea, iache nje.

Ikishindikana, sanamaki inasaidia. Inywe usiku, hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, lakini usiizoee: isizidi wiki moja bila ushauri. Haluli na mafuta ya nyonyo ni vya nguvu. Mwenye ugonjwa wa figo asiguse haluli, mjamzito asinywe nyonyo. Duka la dawa wana lakitulozi, ni ya taratibu zaidi, huchukua siku moja hadi tatu.

Mama mjamzito, kama vidonge vya kuongeza damu vimekufunga choo, usiviache kimyakimya. Mwambie mkunga. Na mtoto asichomekwe kipande cha sabuni, jamani, kinaunguza.

Damu kwenye choo, kukonda bila sababu, au choo kubadilika ghafla ukiwa umevuka miaka 50, nenda ukapimwe. Tumbo likivimba na kuuma, unatapika na hata upepo hautoki, huenda utumbo umeziba. Usinywe dawa yoyote ya kuharisha. Tafuta usafiri wa kwenda hospitali saa hiyohiyo, hasa masika, maana barabara ya Saadani mvua zikikolea inajulikana.